Nakshi Isiyo na Umri wa Chombo: Tankadi za Fedha za Uingereza na Mageuzi ya Ladha

Anayepitia orodha za minada ya fedha ya kale mjini London hukutana mara kwa mara na jambo ambalo kwa haraka halieleweki. Tankadi mbili zimewekwa jirani; zote zilifuliwa London katika miaka ya 1720, uzito wake unakaribiana na chapa zake, yaani alama rasmi za upimaji zilizopigwa kwenye fedha, zinasomeka vizuri. Ya kwanza haina pambo lolote ila ukanda mwembamba unaoizunguka kiunoni. Ya pili imefunikwa kuanzia ukingoni hadi kwenye kitako kwa maua, mizabibu na mikunjo ya majani, kazi iliyomtaka fundi subira ya siku nyingi. Mgeni wa biashara hii atadhani ya pili ndiyo ya thamani zaidi. Kumbe ndiyo rahisi, na mara nyingi kwa tofauti kubwa, kwa sababu maua yale si ya umri wa chombo: yalipigwa miaka mia moja au zaidi baada ya tankadi kutoka mikononi mwa aliyeifua.

Tankadi ni kopo kubwa la bia lenye mkono mmoja na mfuniko uliofungwa kwa bawaba, na juu ya bawaba hiyo huwa kuna kishikizo cha dole gumba ili mnywaji afunue kwa mkono uleule alioshikia kopo. Nyingi zilichukua takriban lita moja. Zilitengenezwa Uingereza tangu karne ya 16, lakini wakati wake mkubwa ulianza baada ya mwaka 1660, Mfalme Charles II aliporejea kwenye kiti chake, nazo nyumba za wenye mali zikaanza kujaza upya makabati ambayo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 vilikuwa vimeyakomba. Fedha nyingi ya mezani iliyeyushwa katika vita hivyo kulipa askari, na ndiyo maana vyombo vilivyofuliwa kabla yake ni adimu.

Habari hiyo ya kuyeyusha ndiyo mlango wa kuingilia katika mada hii, kwani chombo cha fedha hakikuwa pambo tu. Kilikuwa akiba. Fedha iliyotumika kufulia tankadi ilikuwa ya ubora uleule wa sarafu, sehemu 925 katika 1,000, na mteja alipokwenda kwa mfua fedha alilipa mambo mawili yaliyoandikwa kando kando kwenye hati: bei ya madini kwa aunsi, na ujira wa ufundi. Alipochoshwa na umbo la zamani, alirudisha chombo, kikapimwa, thamani ya madini ikakatwa kwenye bei ya kipya, naye akalipia ufundi peke yake. Msomaji wa Zanzibar au Lamu ambaye ukoo wake uliwahi kumpelekea sonara riali za Maria Theresa ziyeyushwe ziwe bangili hahitaji kuelezwa zaidi. Mantiki ni ileile. Ufundi ulipotea katika kuyeyusha, madini yakabaki. Kwa hiyo swali lililomkabili mrithi wa tankadi ya babu yake halikuwa kama aihifadhi kwa heshima ya ukale wake, bali kama aiyeyushe, aiuze, au amlipe fundi aivike sura ya kisasa.

Sura ya kisasa ilibadilika kila kizazi. Tankadi za miaka ya 1660 na 1670 zilikuwa mitungi minyoofu yenye mfuniko bapa, nyingine zikiwa tupu, nyingine zikiwa na safu ya majani ya akantho, mmea wenye majani mapana ya kingo zilizochanika, yaliyopigwa kuzunguka sehemu ya chini. Katika miaka ya 1680 ukaingia mtindo wa picha za Kichina zilizobuniwa na watu ambao hawakuwahi kufika China: ndege wenye mikia mirefu, wapiganaji waliovaa kanzu pana, miti isiyojulikana ni miti gani, vyote vikiwa vimechorwa kwa mistari myepesi juu ya fedha. Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta Amri ya Nantes iliyokuwa ikiwalinda Waprotestanti, na miongoni mwa maelfu waliokimbilia London walikuwamo wafua fedha wenye ujuzi mkubwa. Baadhi walikuwa wametangulia. Pierre Harache alipokewa katika Chama cha Wafua Dhahabu cha London mwaka 1682. Walikuja na kazi nzito na safi, hasa ile ya kukata majani katika bati la fedha na kuyaunga juu ya chombo ili yasimame kidogo kama kivuli kigumu.

Wenyeji waliwapinga, kisha wakawaiga. Hata hivyo, mteja wa kawaida wa Kiingereza wa zama za Malkia Anne, aliyetawala kuanzia 1702 hadi 1714, hakutaka majani wala ndege kwenye kopo lake la bia. Alitaka umbo. Mfuniko ulipanda ukawa kuba, ukanda ukazungushwa kiunoni, na uso wote uliobaki ukaachwa ung'ae, isipokuwa mahali palipochorwa nembo ya ukoo. Nembo hiyo ndiyo iliyokuwa pambo na ndiyo iliyokuwa hati ya umiliki. Katika chumba kilichoangazwa kwa mishumaa, uso mtupu wa fedha hurudisha mwanga kwa namna ambayo hakuna nakshi inayoweza kuifikia, na sioni kwamba watu wa wakati ule walihitaji nadharia ya sanaa kuligundua hilo.

Kati ya 1697 na 1720 sheria iliwalazimisha wafua fedha watumie madini safi kuliko sarafu, sehemu 958 katika 1,000, ili wasiendelee kuyeyusha sarafu za nchi na kuzigeuza sahani na makopo. Chombo cha miaka hiyo hutambulika kwa chapa ya mwanamke aliyeketi, Britania, pamoja na kichwa cha simba, badala ya simba anayetembea na kichwa cha chui. Mwaka 1720 ubora wa zamani uliruhusiwa tena, lakini ukaja na ushuru wa peni sita kwa kila aunsi.

Kuanzia miaka ya 1730 mtindo wa rokoko uliingia kwa kishindo: makombe, mikunjo isiyo na ulinganifu, mawimbi, vichwa vya wanyama. Paul de Lamerie, mtoto wa wakimbizi Wafaransa aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1688 na kufanya kazi London hadi kifo chake mwaka 1751, ndiye anayetajwa zaidi katika mtindo huu. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Rokoko ilitawala vyombo vya heshima, kama birika za kahawa, vikapu vya mkate na sinia kubwa, lakini tankadi haikuguswa sana. Umbo lake lilinenepa chini na kubana juu, ila ngozi yake ilibaki tupu. Hata mtindo wa Kiyunani na Kirumi uliofuata tangu miaka ya 1760, wenye mashada ya maua, riboni na mistari myembamba, uliipitia kwa mbali. Matokeo yake ni kwamba karne ya 18 ilipokwisha, nyumba za Uingereza zilikuwa na tankadi nyingi zilizo nzito, imara, na tupu.

Nazo hazikuwa na kazi tena. Chai na kahawa zilikuwa zimeshika asubuhi na mchana, divai ilinywewa katika bilauri, na bia ikazidi kuonekana kinywaji cha baa na cha wafanyakazi, si cha meza ya mabwana. Kopo la lita moja lenye mfuniko likawa kitu cha kuwekwa kabatini.

Wakati huohuo ladha iligeukia upande wa pili kabisa. George IV, akiwa bado kaimu mfalme kwa niaba ya baba yake, alikuwa mteja mkubwa wa kampuni ya wafua dhahabu ya Rundell, Bridge and Rundell, na alipenda fedha iliyojaa. Ndugu yake, Duke wa York, alinunua kwa mfanyabiashara Kensington Lewis vyombo vilivyofuliwa na Edward Farrell, fundi aliyependa kuzungushia makopo na mabirika picha za wakulima wa Kiflandria wakinywa, wakicheza ngoma na kuvuta kiko, kwa kuiga michoro ya David Teniers wa karne ya 17. Duke alifariki mwaka 1827 akiwa na madeni makubwa, na mkusanyo wake ukapigwa mnada. Ladha yake haikufa naye. Ilishuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mfanyabiashara wa pamba wa Manchester na mwanasheria wa mji mdogo, ambao hawakuweza kuagiza kazi ya Farrell lakini walikuwa na tankadi ya babu kabatini.

Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Chombo kipya kilitaka madini, ujira, na ushuru ambao tangu 1784 ulikuwa umerejeshwa na baadaye ukapandishwa. Chombo cha zamani kilikuwa tayari na madini, na ushuru haukudaiwa kwa kupigwa maua. Kilichobaki ni ujira wa fundi nakshi.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Tankadi ilijazwa lami iliyopashwa moto, ikaachwa igande ndani yake. Lami ikipoa inakuwa ngumu kiasi cha kuuzuia ukuta wa fedha usibonyee wote, lakini bado ina ulaini wa kuiruhusu nyundo izame kidogo. Fundi alichora mpangilio wake juu ya uso, kisha akagonga kwa patasi butu za chuma za aina nyingi: moja ya kufuata mstari, nyingine ya kushusha usuli, nyingine yenye ncha ya vidoto ya kuufanya usuli ukwaruke ili ua lionekane limeinuka. Mahali palipotakiwa kuvimba sana, kabla ya lami kumiminwa, chuma chenye mkono uliopinda kiliingizwa ndani na kugongwa kwa nje, ncha yake ikasukuma fedha kutoka ndani. Kazi ikiisha lami iliyeyushwa ikamwagwa.

Katika njia hii hakuna fedha iliyoongezwa wala iliyoondolewa, imesukumwa tu. Hapo ndipo inapotofautiana na uchoraji wa kukata, ambao kalamu ya chuma huondoa uzi mwembamba wa madini kama ule wa nembo za ukoo. Ukiingiza kidole ndani ya tankadi iliyogongwa utahisi nakshi nzima ikiwa imegeuka, mabonde mahali penye vilima. Ya kukatwa haionekani wala haihisiki kwa ndani.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito wa kisheria pia. Mfumo wa chapa za Uingereza, ulioanza kwa kichwa cha chui mwaka 1300 na kuongezewa herufi ya mwaka, inayobadilishwa kila mwaka kuonyesha lini chombo kilipimwa, mnamo 1478 na simba mwaka 1544, ulikusudiwa kumlinda mnunuzi dhidi ya madini hafifu. Haukuwa na neno juu ya uzuri. Aliyeunga kipande kipya cha fedha kwenye chombo kilichokwisha kupimwa aliwatia shaka wapimaji, kwa kuwa kipande hicho hakikupimwa. Aliyepiga maua hakuongeza kitu. Ndiyo maana Sheria ya 1844, iliyokaza masharti juu ya nyongeza na mageuzi ya vyombo vyenye chapa, haikumgusa fundi nakshi.

Iliyemgusa ni aliyegeuza tankadi kuwa jagi. Mageuzi haya yalienea sana: ukingo ulikatwa mbele, mdomo wa kumiminia ukaungwa mkabala na mkono, pengine ukuta ukatobolewa matundu nyuma ya mdomo huo ili kuchuja, na mwili wote ukapigwa maua yaliyofunika makovu ya kuunganisha. Kwa sheria mdomo huo ulipaswa kupelekwa ofisi ya upimaji na kupata chapa yake. Majagi yaliyofuata utaratibu huonyesha herufi mbili za miaka, moja mwilini na nyingine, changa kwa karne nzima, mdomoni. Ni kitu cha kufurahisha kukiona, maana chombo kinataja chenyewe tarehe ya kubadilishwa kwake. Mengine mengi hayakufuata. Makopo madogo yasiyo na mfuniko yaliepuka upasuaji huo, lakini yakaangukia kwenye desturi ya zawadi za ubatizo: yalipigwa maua, yakachorwa jina la mtoto na tarehe, na bia ikasahaulika.

Je, walioagiza kazi hizi walikuwa walaghai? Kwa maoni yangu, wachache sana. Hakuna aliyejidai kwamba maua yale ni ya 1720, kwani hakuna aliyejali 1720. Zaidi ya hayo, wengi hawakuweza kujua. Herufi za miaka zilikuwa siri ya watu wa kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1850, Octavius Morgan, mbunge na mpenzi wa mambo ya kale, alipochapisha jedwali la herufi za London. Mwaka 1863 William Chaffers akatoa orodha ya chapa ambayo ilichapwa tena na tena kwa miongo kadhaa. Kabla ya hapo kopo la Malkia Anne na la George III yote yalikuwa, kwa mwenye nayo, vyombo vya zamani tu.

Jedwali lilipatikana na soko likageuka. Kitu kilichoweza kupewa mwaka kilianza kutafutwa kwa ajili ya mwaka huo. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, wakusanyaji wa Uingereza na Marekani walikuwa wameipenda fedha tupu ya Malkia Anne kiasi cha kuiona ndiyo kilele cha ufundi, na tankadi yenye maua ya zama za Victoria ikawa chombo kilichoharibiwa. Hapo ndipo udanganyifu ulipopata soko. Baadhi waliuza maua ya 1840 kama rokoko halisi ya 1740. Wengine walifanya kinyume: waliyagonga maua yarudi ndani, wakasugua na kung'arisha uso hadi ukawa tupu tena. Majagi nayo yaling'olewa midomo na kuzibwa. Tankadi iliyopitia hayo huwa na uso unaotetereka kidogo mwangani, kama maji yaliyopulizwa, na ukuta wake umekuwa mwembamba mno.

Anayetaka kujua anachokishika ana ushahidi wa aina kadhaa, na wa kwanza ni chapa. Chapa hupigwa kabla ya umaliziaji; nakshi ya wakati uleule huziachia nafasi au huzizunguka, lakini jani lililokuja baadaye hupita juu yake, likampinda simba na kuikata herufi katikati. Tankadi ilipaswa kuwa na chapa mwilini, pembeni karibu na mkono au chini ya kitako, na tena kwenye mfuniko. Herufi zikitofautiana, mfuniko una asili nyingine. Pili ni kile kifremu kilichoachwa wazi katikati ya maua. Fundi wa Victoria alikiweka kwa ajili ya nembo mpya, na mara nyingi kimekaa palepale ilipofutwa nembo ya kwanza. Bonyeza kwa dole gumba: fedha ikicheza, imekwanguliwa.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko chini ya kitako. Wafua fedha na wenye nyumba walikuwa na mazoea ya kukwaruza hapo uzito wa chombo kwa aunsi na vipimo vidogo vyake, kwa mfano 26 na 4, ili wizi au udokozi wa madini ugundulike. Mizani ya leo ikisoma pungufu kidogo, ni karne mbili au tatu za kusuguliwa. Ikisoma pungufu sana, kuna kitu kimekatwa. Ikizidi, kuna kilichoongezwa, na hapo pulizia ukuta wa chombo pumzi ya kinywa: ukungu ukitanda juu ya fedha, mstari wa lehemu huonekana kwa sekunde chache kwa rangi tofauti, kisha hutoweka.

Kwa vyombo vyenye utata, Chama cha Wafua Dhahabu kina kamati ya wataalamu, na siku hizi mionzi ya eksirei hutumika kulinganisha madini ya sehemu mbalimbali, kwa kuwa fedha ya zamani ina chembe za dhahabu na risasi ambazo ile iliyosafishwa kwa njia za kisasa haina. Sheria ya Chapa ya 1973 imeweka bayana kwamba chombo chenye chapa hakiongezewi kitu wala hakibadilishwi bila kibali cha maandishi cha ofisi ya upimaji. Chombo kilichogeuzwa kinyume cha sheria hakiruhusiwi kuuzwa hadi kirekebishwe au kipate chapa mpya.

Kuhusu maua yenyewe, naona soko limeyahukumu kwa ukali usio na mizani. Nakshi ya baadaye si ya kiwango kimoja. Kuna kazi za haraka, maua yaleyale ya waridi yaliyopangwa kama mihuri ya posta, na kuna kazi ambazo, zingekuwa kwenye chombo kipya cha 1830 chenye jina la Farrell, wanaozibeza leo wangezigombea. Anayesema kwamba fundi wa Victoria aliharibu tankadi ya 1720 anahukumu kwa ladha ya 1920, ambayo nayo ilikuwa na mitindo yake na wauzaji wake. Kwa mnunuzi asiye na fedha nyingi, hali hii ina faida ya wazi: tankadi ya zama za George I yenye maua yaliyokuja baadaye humpa madini, umri na kazi ya mikono ya vizazi viwili kwa bei ambayo haikaribii ile ya tupu. Sharti tu asishawishike kumpa fundi ayafute. Fedha iliyogongwa mara moja ilikwisha nyooshwa kadiri yake, na ikigongwa tena kurudi ndani hupasuka kwenye mikunjo ya petali, ambako ukuta tayari ni mwembamba kuliko pengine popote.